Mwanafunzi wa Ikolojia Asimame Wapi?

Mwaka 1885 Friedrich Junge, mwalimu wa shule mjini Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, alichapisha kitabu kizima kuhusu bwawa la kijijini. Kabla yake, shule za nchi ile zilifundisha viumbe kwa mtindo wa orodha. Mtoto aliwekewa mbele mnyama mmoja, akahesabu miguu, akaeleza umbo la mdomo, akataja ukoo wake, kisha akaletewa mwingine. Junge aliona kuwa mtindo huo unaua hamu ya kujua. Alitaka mtoto aulize kwa nini bata ana utando kati ya vidole, anakula nini pale bwawani, nani anayawinda mayai yake, na bwawa lingekuwaje bata wote wakiondolewa.

Naanza na Junge kwa sababu vitabu vyetu vingi vya shule huingia katika mada hii kwa fasili na mchoro: jua, nyasi, panzi, chura, nyoka, mwewe, na mishale katikati yao. Mchoro huo ni sahihi. Mwanafunzi anaukariri, anauchora kwenye mtihani, na baada ya hapo hauhitaji tena. Tatizo lake ni kwamba hauko mahali popote. Panzi yule hana kijiji, nyasi zile hazina msimu, na mtoto anayeuchora hayumo. Kwa hiyo nataka kuyapitia mapokeo machache yaliyowahi kuwafundisha watu uhusiano wa viumbe na mazingira yao, nikiyauliza swali moja: yalimsimamisha mwanafunzi wapi? Naamini hapo ndipo panapoamua kama somo litamkaa mtu au litamtoka.

Junge hakuanza patupu. Alihudhuria mihadhara ya Karl Möbius, profesa wa zoolojia pale Kiel, ambaye naye aliwahi kuwa mwalimu wa shule. Serikali ya Prussia ilikuwa imempa Möbius kazi ya kuchunguza kama ufugaji wa chaza unaweza kupanuliwa katika pwani ya Schleswig-Holstein. Reli zilikuwa zimefika, miji ya bara ilitaka chaza, na wafanyabiashara walitaka kujua wapande wapi. Jibu alilolichapisha mwaka 1877 halikuwafurahisha. Chaza hakai popote penye maji ya chumvi. Anataka sakafu ngumu isiyohamahama, chumvi na joto la kiasi chake, na mkondo unaomletea chakula. Na pale anapostawi hayuko peke yake. Wapo kaa, konokono, minyoo, sponji na nyota wa baharini, na wingi wa kila mmoja umefungwa na nafasi na chakula kilichopo. Ukimvuna chaza kupita kiasi, nafasi yake haikai wazi ikimsubiri. Möbius alionyesha kwamba katika baadhi ya maeneo ya Ufaransa kombe wa aina nyingine walikuwa wameshaishika. Chaza wa asili wa pwani ile ya Ujerumani nao walitoweka katika karne ya 20. Msomaji wa pwani yetu pengine atapenda kujua kwamba kati ya mwaka 1874 na 1875 Möbius alisafiri hadi Mauritius na Ushelisheli kuchunguza viumbe wa miamba, hivyo alipoandika kuhusu bahari ya baridi alikuwa ameshaiona Bahari ya Hindi kwa macho yake.

Junge alichofanya ni kulichukua wazo hilo kutoka kwenye ripoti ya uchumi na kulipeleka darasani. Alichagua bwawa kwa kuwa ni dogo, lina mwisho unaoonekana, na kila kijiji kilikuwa nalo. Hapo ndipo penye ubora wake: mahali pamoja, viumbe wengi, maswali ya nani anamtegemea nani. Lakini mtoto wa Junge amesimama ukingoni. Anatazama, anachora, anarudi nyumbani, na chakula chake cha jioni hakitoki bwawani.

Kuna onyo pia katika historia hiyo. Wazo la jumuiya ya viumbe, ambalo Junge alilitumia kuwafumbua watoto macho, lilichukuliwa miaka ya 1930 na waandishi wa mitaala ya utawala wa Nazi, wakalitumia kuwafundisha vijana kwamba mtu mmoja hana thamani mbele ya taifa. Mwalimu wa ikolojia awe macho hapo. Bwawa linatufundisha mengi kuhusu bata na magugu; halitufundishi namna ya kutawala watu.

Miaka elfu moja kabla ya Kiel, huko Basra, bandari iliyofungamana na pwani yetu kwa karne nyingi za majahazi, mwandishi al-Jahiz aliandika Kitab al-Hayawan, kazi ya juzuu saba. Panya wake anatoka kutafuta riziki akiwa mwindaji wa walio dhaifu kuliko yeye na huku mwenyewe akiviziwa na nyoka. Kila kiumbe ni mlaji na ni chakula. Kusudi la kuyatazama yote hayo ni kuitambua hekima ya Muumba, na hata mdudu mdogo kabisa anastahili kurasa. Mwanafunzi hapa amesimama kama shahidi, na unyenyekevu wa namna hiyo ninautamani katika madarasa yetu ya sayansi. Hata hivyo, shahidi haulizwi ni panya wangapi au ni nyoka wangapi, wala nini kimebadilika tangu mwaka jana.

Tuje nyumbani. Mtoto wa Jambiani au wa Msambweni anayefuatana na mama yake mwambani siku za bamvua hasomi kitabu chochote, ila somo analopata ni zito. Anajifunza kwanza kalenda: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa mbali na mwamba ukaachwa wazi, mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na siku hizo kwenda kuchokoa pweza ni kujichosha. Anajifunza kusoma dalili. Maganda ya kaa na ya kombe yakiwa yamerundikana mbele ya tundu, mwenye nyumba yumo, na maganda hayo yanamwambia mtoto pweza amekula nini usiku uliopita. Anajua kuwa tafi hutafutwa penye majani ya bahari, pono hutafutwa penye matumbawe anayoyakwangua kwa meno yake, na chewa hujificha shimoni. Anajua upepo wa kusi unavyoichafua bahari na kuwazuia wenye vyombo vidogo, na kaskazi inavyorudisha utulivu na kitoweo.

Kwenye mikoko anajifunza ramani nyingine. Mlilana husimama mbele, miguu yake majini. Mkoko wenye mizizi ya matao hufuata. Mkandaa hukaa nyuma. Kila mti umechagua kiasi cha chumvi na cha mafuriko unachokistahimili. Chaza hung'ang'ania mizizi, kaa huchimba matopeni na kuvuta majani yaliyoanguka, kamba wachanga hujificha humo hadi wakue. Möbius angefurahi kumsikiliza mtoto huyu. Chaza wa Schleswig-Holstein na chaza wa mkokoni wanasimulia jambo lilelile: nionyeshe sakafu, mkondo na majirani, nami nitakwambia kama ninaweza kuishi hapa.

Tofauti na mtoto wa Ujerumani, huyu yumo ndani. Ni mlaji katika mtandao wa chakula anaousoma, na akikosea kusoma anarudi na kikapu kitupu. Hakuna mtihani wa wizara unaofundisha kwa nguvu hiyo. Ndiyo maana nasikitika ninapoona mtoto huyohuyo akiingia darasani kesho yake na kuanza ikolojia kwa panzi asiye na kijiji, kana kwamba hajui kitu.

Nisiutukuze ujuzi huu kupita kiasi, lakini. Elimu ya kikapu ina mpaka wake, nao ni kikapu chenyewe: kinachovuliwa hufahamika, kisichovuliwa hukaa gizani. Mfano ninaouona kuwa wa kufundishia kuliko yote katika pwani nzima ni wa kikande. Huyu ni samaki wa mwambani mwenye ngozi ngumu na taya zenye nguvu, na kazi yake kubwa ni kuwala wale viumbe wa mviringo wenye miiba wanaowachoma watu miguu mwambani. Tim McClanahan na wenzake, waliotafiti miamba ya Kenya kwa miongo kadhaa, walilinganisha miamba inayovuliwa sana na ile iliyo ndani ya hifadhi za bahari, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968. Penye uvuvi mwingi kikande alikuwa haba, na wale wa miiba walikuwa tele. Wanapokuwa tele huukwangua mwamba hadi ukaliwa kasi kuliko matumbawe yanavyoujenga, na huwanyang'anya tafi na pono mwani wanaoutegemea. Mvuvi anajua vizuri kwamba samaki wamepungua. Kwamba kumwondoa kikande kunaweza kumpunguza tafi ni jambo gumu kuliona kutoka kwenye ngalawa moja, kwa sababu linahitaji mwamba wa pili wa kulinganisha, na mtu wa kuhesabu mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo sayansi inapostahili heshima yake. Haijui mwamba kuliko mvuvi. Imejifunza tu kuweka miamba miwili bega kwa bega.

Mapokeo mawili yakikutana, matokeo huwa mazuri kuliko ya kila moja peke yake. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilikubaliana na wanasayansi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa bila kuvua pweza. Sababu imo katika maisha ya mnyama mwenyewe: pweza hukua haraka mno, huishi takriban mwaka mmoja au zaidi kidogo, na jike hutaga mara moja, akayalinda mayai yake bila kula, kisha akafa. Miezi michache ya kusubiri hugeuza pweza wadogo kuwa wakubwa. Mwamba ulipofunguliwa wavuvi walilibeba jibu mikononi mwao. Utaratibu huo ulienea kwenye vijiji vingine, na umejaribiwa pia Unguja na Pemba. Wanakijiji walikuwa ndani ya jaribio, wakivuna au wakikosa, na wakati huohuo walikuwa na mizani.

Misitu ya kaya ya Wamijikenda inamweka mwanafunzi mahali pengine kabisa. Tangu mwaka 2008, baadhi ya misitu hiyo imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Zamani ilikuwa makao yenye ngome; watu walipohamia mashambani, kaya zilibaki mahali pa makaburi, maombi na fingo, chini ya ulinzi wa wazee. Anayeingia Kaya Kinondo leo hufungwa kaniki nyeusi, hufuata njia iliyopo, na hatoki na chochote, hata kijiti kikavu. Mwanafunzi hapa amesimama mlangoni akiomba ruhusa. Kijiti kikavu kisichookotwa kinaoza, kinalisha kuvu na mchwa, kinarudi udongoni. Mzee wa kaya hakuhitaji kueleza hivyo ili kijiti kibaki. Kwa karne kadhaa katazo lisilo na maelezo limelinda miti ambayo imekatwa kila upande wa mpaka, na sijui bango lolote la mazingira lililofanya kazi hiyo kwa muda huo.

Udhaifu wake nao uko wazi. Kijana akiacha kuogopa fingo, na mnunuzi wa ardhi akiwa na pesa mkononi, katazo halina hoja ya pili ya kusimamia. Kuna walimu wanaoogopa kuipeleka kaya darasani wakidhani ni ushirikina, na wengine wanaitaja kama utamaduni tu, katika somo la historia. Mimi ningeiweka katika sura ya kwanza ya ikolojia. Ndiyo mapokeo pekee kati ya haya yote yanayoanza kwa kumwambia mwanadamu kwamba kuna mahali asipokuwa mwenyewe.

Mapokeo ya Wamaasai yananivutia kwa sababu yanamsimamisha mtu pale penye hasara. Kila mwaka, mnamo Februari na Machi, nyumbu huzaa kwenye tambarare za nyasi fupi za Serengeti na Ngorongoro, kwa maelfu, ndani ya wiki chache. Ndio wakati nyasi zile zina lishe bora, na ndio wakati Wamaasai huwaondoa ng'ombe wao. Wanajua tangu zamani kwamba ng'ombe akilishwa penye ndama wa nyumbu ataugua na kufa. Wafugaji walieleza kwamba ugonjwa unatoka kwenye kondo la nyuma na manyoya ya ndama. Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake, katika maabara ya Muguga karibu na Nairobi, walionyesha kwamba ni kirusi kinachobebwa na nyumbu bila kumdhuru. Baadaye ikafahamika kuwa ndama hukitoa kwa wingi kupitia majimaji ya pua na ya macho. Chanzo kikaelezwa upya, ila ushauri haukubadilika: ondoa ng'ombe, subiri ndama wakue.

Plowright huyohuyo ndiye aliyetengeneza pale Muguga chanjo ya sotoka, iliyomletea Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999. Sotoka iliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ikafyeka ng'ombe, ikafyeka nyumbu na nyati, na kuwaacha Wamaasai katika njaa. Ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka hata kwa wanyamapori ambao hawakuchanjwa hata mmoja. Nyumbu wa Serengeti wakaongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walaji milioni moja walimaliza nyasi ambazo zamani zilikauka na kuwaka, moto ukapungua, miche ya miti iliyokuwa ikiungua kila kiangazi ikapata nafasi ya kukua. Na Wamaasai, ambao chanjo iliwaokolea mifugo, wakajikuta wakisukumwa zaidi kutoka kwenye malisho mazuri ya nyasi fupi kwa sababu nyumbu, pamoja na kirusi chao, walikuwa wengi kuliko walivyowahi kuwa katika kumbukumbu za walio hai.

Sindano kwenye shingo ya ng'ombe imeotesha miti. Mwanafunzi akiifuata njia hiyo hatua kwa hatua ataelewa ikolojia ni nini, na ataelewa pia kwa nini hakuna pokeo moja lililotosha. Mfugaji aliona uhusiano wa nyumbu na ng'ombe bila darubini. Maabara iliona kirusi. Waliohesabu nyumbu kutoka angani waliona mabadiliko ya miaka 20. Hakuna aliyeona yote akiwa peke yake.

Shule zetu zimewahi kuwa na nafasi ya kuunganisha haya. Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, iliitaka kila shule iwe na shamba, na shamba ni bwawa la Junge lenye mavuno: mtoto anatazama na pia anakula. Katika shule nyingi jembe likageuka kuwa adhabu ya waliochelewa, na udongo ukakosa kuulizwa swali hata moja. Vilabu vya wanyamapori vya Kenya vilianza mwaka 1968, na mwaka 1991 Jane Goodall alianzisha Roots & Shoots jijini Dar es Salaam na kundi dogo la wanafunzi wa sekondari. Vilabu hivyo vimewatoa vijana wengi nje ya kuta, nami navishukuru. Ila bado tuna mazoea ya kudhani kwamba mazingira yako hifadhini, kwa tembo na simba, mwendo wa basi la siku nzima, ilhali mikoko iko nyuma ya choo cha shule. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013 unauza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko, na pesa zimesaidia maji ya kijiji na mahitaji ya shule. Watoto wa pale wanaweza kuanza somo la kaboni kwa bomba wanalochotea maji.

Mwalimu wa Tanga au wa Kilifi hahitaji maabara ili aanze. Aombe ruhusa kwa mvuvi mmoja anayetega samaki kwa dema, na wanafunzi waende ufukweni mara mbili kwa wiki dema linapotupuliwa. Waandike majina ya samaki kwa Kiswahili kama mvuvi anavyoyataja, wahesabu, waulize kila mmoja anakula nini na nani anamla, waandike mwezi uko wapi na upepo ni upi. Wamuulize mvuvi ni samaki gani aliowavua baba yake ambao yeye hawaoni tena. Kama jirani kuna eneo lililofungwa kwa makubaliano ya kijiji, waweke hesabu zake pembeni ya zao. Fasili na mishale ije wiki ya nne, ikichorwa kwa tafi, pono, chewa na kikande waliowashika wenyewe. Na swali la mtihani liwe hili: majani ya bahari mbele ya kijiji hiki yakikauka yote mwaka huu, taja nani atakosekana kwanza ndani ya dema, nani atafuata, na nani nyumbani kwako atalijua hilo kabla ya wengine.